Tamasha likifika Sokoine na Samora, nani anabaki na fedha?

WAFANYABIASHARA wengi wa Mbeya na Iringa wamezoea kulichukua tamasha la muziki kama bahati nasibu. Mabango yakibandikwa Kabwe au Miyomboni, mwenye baa anaongeza kreti, mchoma nyama anaongeza kilo, mwenye gesti anapandisha bei ya chumba, kisha kila mmoja anasubiri kuche ajue kama amepata au amekosa. Wanaokosa huwa hawasemi. Wanaopata husimulia hadi mwaka unaofuata, na ndiyo maana mwaka unaofuata wanaojitokeza na majiko huwa wengi zaidi.

Hata hivyo, tamasha kubwa la mjini si bahati nasibu. Ni biashara yenye msimu wake, gharama zake na mnunuzi wake, kama ilivyo kwa mahindi au mchele. Mfanyabiashara anayejua nani hasa analipia jukwaa lile, na kwa nini analileta Mbeya mwezi fulani na si mwingine, anaweza kupanga mtaji wake kwa hesabu badala ya kwa uvumi. Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini ni Fiesta, ambayo katika miaka ya 2010 ilikuwa ikipita katika miji hii miwili kwenye msafara wake wa mikoani.

DISKO LILILOGEUKA MSAFARA

Fiesta ilianza Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya kundi la Clouds, ambalo kabla ya kuwa na redio lilikuwa linapiga disko. Kilichowawezesha kukua si muziki peke yake. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu redio za binafsi. Radio One ikaanza mwaka 1994 na Clouds FM ikafuata mwaka 1999. Hapo ndipo hesabu ya promota ilipobadilika. Promota wa kawaida akitaka watu wajae uwanjani analazimika kununua matangazo, na matangazo ni moja ya gharama zake kubwa pamoja na vyombo na malipo ya wasanii. Mwenye redio hanunui. Anachota muda wake mwenyewe, dakika ambazo pengine zisingepata mteja, na kuzigeuza kuwa watu mlangoni.

Kwa maneno mengine, tamasha lilifuata masafa. Kila mkoa ambao redio ilipata usikivu na wasikilizaji vijana, ulikuwa tayari umekwisha kulimwa. Kilichobaki ni kwenda kuvuna. Ndiyo sababu onyesho la jiji moja likageuka msafara wa miji zaidi ya 10, ukianzia mikoani na kuhitimishwa Dar es Salaam katika viwanja vya Leaders. Mwaka 2011 waandaaji waliadhimisha miaka 10 kwa kumleta Ludacris kutoka Marekani, mwaka 2012 akaja Rick Ross, na mwaka 2014 akaja T.I. Nyota hao waliishia Dar. Mikoani walipelekwa wasanii wa nyumbani, na kibiashara huo ulikuwa uamuzi sahihi, kwa kuwa msanii wa nje hulipwa kwa dola wakati mlango wa Iringa unaingiza shilingi.

Tena Mbeya haina njaa ya nyota wa mbali. Ni mji uliomlea Sugu, aliyeanza kujulikana kama Mr. II katika miaka ya 1990 na baadaye akawa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Ni mji alikozaliwa Rayvanny, aliyepata tuzo ya BET ya chaguo la watazamaji mwaka 2017. Kijana wa Mwanjelwa anayelipa kiingilio kumwona mtu wa kwao hahitaji kubembelezwa.

MLANGO HAUTOSHI

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtazamaji akiona uwanja umefurika anafikiri kwamba mwandaaji ametajirika kwa viingilio. Ukweli ni kwamba jukwaa, taa, jenereta, malori, basi la wasanii, posho, hoteli, ulinzi na vibali vya miji zaidi ya 10 haviwezi kulipwa kwa kiingilio ambacho kijana wa mkoani anakimudu. Kiingilio kikipandishwa, uwanja unabaki mtupu; kikishushwa, hesabu haifungi. Pengo hilo hulibeba mdhamini.

Mdhamini naye hatoi sadaka. Mwaka 2010 kampuni ya East African Breweries ya Kenya ilinunua asilimia 51 ya hisa za Serengeti Breweries. Mwaka uliofuata, 2011, tamasha lilikuwa linaitwa Serengeti Fiesta. Mfanyabiashara hahitaji kuelezwa zaidi. Mpinzani wake, TBL, ana kiwanda cha bia Mbeya kwenyewe. Kwa anayetaka kuingia katika soko la namna hiyo, usiku mmoja wa watu maelfu wenye kiu, ambao ndani ya uzio hawauziwi bia nyingine, ni njia ya haraka kuliko kumtembelea mwenye baa mmoja mmoja kutoka Mafiat hadi Uyole.

Baadaye zamu ikawa ya simu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 jina likawa Tigo Fiesta. Kampuni za simu zilikuwa zinagombea vijana hao hao, safari hii kwa laini, vifurushi na fedha za mkononi. Mteja wa simu ana faida moja kwa mdhamini kuliko mteja wa bia: akishasajili laini anaendelea kulipa kidogo kidogo mwaka mzima. Kampuni hiyo nayo imebadilika tangu hapo. Wamiliki wapya waliichukua mwaka 2022, na Novemba 2024 jina la Tigo likaondoka sokoni na kuwa Yas.

Msomaji aone jambo moja katika historia hiyo fupi. Tamasha ni lile lile, lakini mlipaji wake amebadilika kila vita ya soko ilipohama. Wakati kampuni mbili zinapigania wateja, msafara unanenepa na miji inaongezwa. Zikishapatana na soko, au zikibana matumizi, miji inapunguzwa, na haipunguzwi Dar es Salaam.

Kwa kulinganisha, Sauti za Busara ya Zanzibar ilipita njia nyingine kabisa. Ilianza Februari 2004, haizunguki, inakaa Mji Mkongwe na Ngome Kongwe, na wageni ndio wanaoifuata kwa ndege na boti. Ilitegemea sana wafadhili wa nje pamoja na tiketi. Mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha, ingawa lilikuwa na jina duniani kote. Likarudi Februari 2017. Wenye hoteli na madereva wa teksi wa Unguja walijifunza mwaka ule kwamba umaarufu wa tamasha na uhakika wa tamasha ni vitu viwili. Somo hilo Mbeya na Iringa wanaweza kulipata bure.

KWA NINI HUKU, NA KWA NINI MIEZI ILE

Miji hii miwili haikuchaguliwa kwa kupendelewa. Iko kwenye barabara kuu moja ya Dar es Salaam hadi Tunduma, Iringa ikiwa kiasi cha kilomita 500 kutoka Dar na Mbeya zaidi ya kilomita 300 mbele yake. Malori ya jukwaa yakishapanda Kitonga, gharama ya kuongeza mji wa pili ni ndogo kuliko kwenda na kurudi mara mbili. Kila mji una uwanja wenye uzio na mageti, Sokoine na Samora, vyote vya CCM. Aidha, uwanja wa ndege wa Songwe uliofunguliwa mwishoni mwa 2012 ulimwezesha msanii mkubwa kufika Mbeya bila kulala njiani.

Watu nao wameongezeka. Sensa ya 2012 iliihesabu Jiji la Mbeya kuwa na watu 385,000 hivi, na ya 2022 ikaikuta na zaidi ya 540,000. Manispaa ya Iringa ilitoka watu 151,000 hadi zaidi ya 200,000 katika muda huo huo. Juu ya hao kuna wanaokuja kwa daladala na malori kutoka Mafinga kwenye mbao za Sao Hill, Makambako, Mbalizi, Tukuyu na Vwawa.

Lakini kinachoamua zaidi ni kalenda ya shamba. Msafara umekuwa ukipita mikoani mara nyingi kati ya Agosti na Novemba. Mchele wa Mbarali unakuwa umekwisha kuvunwa na kuuzwa, mahindi yako sokoni na NFRA inanunua, kahawa ya Mbozi na Rungwe inaendelea kuchumwa, na mvua hazijaanza. Ni miezi ambayo fedha ziko mkononi mwa watu wasio na mshahara. Tamasha likiletwa Februari, wakati mkulima amekwisha kuzika fedha zake kwenye mbolea na mzazi amekwisha kulipa ada, uwanja ule ule ungekuwa na nafasi za kucheza mpira.

Kwa hiyo muuzaji anayetaka kukadiria usiku wa tamasha asiangalie jina la msanii kwenye bango. Aangalie bei ya gunia la mahindi mwezi uliotangulia. Bei ikiwa imeanguka, au malipo ya mazao yakiwa yamechelewa, watakaoingia ni wengi vile vile, maana vijana watakopa kiingilio, lakini watakula kidogo na kunywa kidogo zaidi.

Iringa ina jambo lake la ziada. Ni mji wa wanafunzi: Chuo Kikuu cha Iringa, Mkwawa, Ruaha. Vyuo vikuu kwa kawaida hufungua mwaka wa masomo kuelekea mwisho wa Oktoba au Novemba, mkopo wa serikali nao ukifuata. Tamasha la Septemba mjini Iringa linawakosa wateja hao karibu wote. La katikati ya Novemba linawapata wakiwa na fedha mpya mfukoni. Tofauti ya wiki sita inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya msanii mkubwa na mdogo. Ni ajabu kwamba wenye chipsi wa Kihesa wanalijua jambo hili kuliko baadhi ya mapromota.

HESABU YA MISHIKAKI

Tuchukue mfano, bei zikiwa za kukisia tu. Mchoma mishikaki ananunua kilo 40 za nyama kwa Sh. 10,000 kilo moja, jumla Sh. 400,000. Mkaa Sh. 40,000, nafasi na ushuru Sh. 30,000, wasaidizi wawili Sh. 30,000. Mtaji wake ni Sh. 500,000. Kila kilo inatoa mishikaki 20 ya Sh. 1,000, yaani Sh. 20,000. Akiuza yote anapata Sh. 800,000, faida Sh. 300,000 kwa usiku mmoja. Hiyo ndiyo hesabu inayosimuliwa.

Hesabu isiyosimuliwa ni hii. Ili arudishe mtaji tu, lazima auze kilo 25. Ikiwa mtaji aliukopa kwa riba ya asilimia 10, anatakiwa kurudisha Sh. 550,000, na kilo za kurudisha mtaji zinakuwa 27 na nusu. Akija jirani na jiko lake, halafu wa tatu, halafu wa kumi, kila mmoja akiwa na kilo 40, watu walewale wanagawana majiko zaidi. Akiuza kilo 20 amepata hasara ya Sh. 100,000 kabla ya riba, na kilo 20 zilizobaki, kama hana friji, zitauzwa asubuhi kwa bei ya majuto.

Ndiyo maana wanaopata faida ya uhakika si wale walio karibu na jukwaa. Ni wale ambao bidhaa yao haiozi na haikuongezewa mtaji kwa ajili ya usiku ule. Dereva wa bodaboda na bajaji hana cha kununua zaidi ya mafuta, na saa nane za usiku, wakati watu wanatawanyika kwenda Ilomba au Mlandege, yeye ndiye anayepanga bei. Muuza mitumba wa makoti naye yuko salama. Iringa na Mbeya ziko juu ya mita 1,500, usiku wa Agosti una baridi kali, na wageni kutoka pwani huja na fulana. Koti lisilouzwa leo litauzwa kesho.

Mwenye gesti yuko katikati. Vyumba vyake vinajaa kwa siku mbili kwa sababu ya mafundi, waandishi, wafanyakazi wa wadhamini na mashabiki. Akipandisha bei mara mbili anaona amefanya la maana. Lakini mgeni wake wa kila wiki ni mfanyabiashara wa Tunduma au dereva wa masafa marefu, na huyo akikuta bei imepanda anahamia gesti nyingine na huenda asirudi. Usiku mmoja wa bei ya juu unaweza kugharimu mikesha 20 ya bei ya kawaida.

Kwa upande wa vinywaji, anayetaka kuuza ndani ya uzio ajue kwamba mdhamini wa bia kwa kawaida hununua pia haki ya kuuza peke yake. Fedha ya ndani inaondoka na lori. Ya nje, kwenye baa za Soweto, Mwanjelwa au Miyomboni kabla na baada ya onyesho, ndiyo inayobaki mjini. Msafara wa Fiesta uliwahi pia kuambatana na semina za Fursa kwa vijana wajasiriamali, zilizojulikana zaidi kuanzia mwaka 2013. Ukumbi wa semina haukuwa na kelele za uwanjani, lakini pengine kwa mama lishe na mwenye duka la vifaa vya ofisi mteja wa semina ana thamani zaidi, kwani anakula mchana na analipa kwa risiti.

TAREHE SI YAKO

Hatari kubwa kuliko zote ni kwamba tarehe inashikwa na watu wengine. Novemba 2018 kilele cha Fiesta katika viwanja vya Leaders kilizuiwa na Manispaa ya Kinondoni baada ya hoja ya kelele kwa wagonjwa wa hospitali ya jirani. Kama jambo hilo linaweza kuwakuta waandaaji wakubwa jijini Dar es Salaam, mwenye kilo 40 za nyama mjini Iringa hana kinga.

Mwezi uliofuata, Desemba 2018, BASATA iliwafungia Diamond Platnumz na Rayvanny kufanya maonyesho baada ya kuimba wimbo uliopigwa marufuku katika jukwaa la Wasafi Festival jijini Mwanza. Wasafi Festival ilikuwa imeanza Mtwara mwezi mmoja tu kabla, ikiwa mpinzani mpya wa Fiesta mikoani. Kifungo kiliondolewa Januari 2019, lakini ilikwisha kuonekana jinsi msafara mzima unavyoweza kuning'inia kwenye koo la msanii mmoja. Machi 17, 2020 serikali ilisimamisha mikusanyiko ya burudani kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na safari hiyo hapakuwa na wa kulaumiwa.

Linganisha na Nane Nane. Maonyesho ya kilimo katika viwanja vya John Mwakangale, Uyole, yana tarehe isiyobadilika, Agosti 1 hadi 8, na siku nane badala ya saa nane. Hayana nyota na hayana fataki. Muuzaji wa chakula anayekosa siku ya kwanza ana saba za kujirekebisha: anapunguza nyama, anaongeza wali, anahamisha banda. Tamasha halimpi nafasi hiyo. Kwa hiyo mwenye mtaji wa Sh. 500,000 anafanya vyema kuupeleka Uyole wote, na kwenye tamasha apeleke kile tu anachoweza kukipoteza bila kufunga genge lake.

Kuna pia matamasha yanayozaliwa huku huku, kama lile la ngoma za asili la Tulia Trust lililokuwa likikutanisha vikundi mjini Tukuyu. Hayavuti umati wa Bongo Fleva, lakini wachezaji wake hula, hulala na hununua sare Rungwe na Mbeya. Iringa nayo ina karakana ya Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 na inayoajiri watu wenye ulemavu, ambayo huuza kazi za mikono kwa watalii mwaka mzima. Tamasha lenye sanaa za namna hiyo lingeacha fedha nyingi zaidi mkoani hata likiwa na watu nusu ya wale wa Sokoine.

HISA ZIKO WAPI

Wawekezaji wadogo wenye vihisa vyao huuliza kama mtu anaweza kununua hisa za tamasha. Hapana. Waandaaji wakubwa ni kampuni za binafsi zisizouzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kinachouzwa pale ni baadhi ya kampuni za biashara zile zile zinazodhamini. TBL iliorodheshwa mwaka 1998, miezi michache baada ya soko kuanza. East African Breweries iliorodheshwa Dar pia mwaka 2005, na kupitia hiyo mwekezaji anagusa Serengeti. Kwa upande wa simu, sheria ya fedha ya 2016 ilizitaka kampuni ziuze asilimia 25 kwa umma, na Vodacom ikaingia sokoni Agosti 2017 kwa Sh. 850 kwa hisa.

Anayenunua hisa hizo kwa sababu ameona uwanja umejaa atakuwa amesoma bango badala ya vitabu. Katika hesabu za kampuni ya bia au simu, tamasha liko upande wa matumizi, pamoja na mabango, fulana na matangazo ya redio. Kwa mwenye hisa, msafara mkubwa ni gharama hadi mauzo ya robo mwaka inayofuata yatakapoonyesha vinginevyo, na hayo huchapishwa magazetini kwa yeyote kusoma. Wakala wa bia wa Makambako anaweza kuyaona mapema zaidi: anahesabu kreti zilizorudi tupu wiki mbili baada ya jukwaa kubomolewa.